Mwanapunda Aliyevunjika Mfupa: Namna ya Kumuuguza Bila Upasuaji

Wafugaji wengi wa punda, kuanzia Lamu hadi Dodoma, wakimwona mwanapunda ananing'iniza mguu huwa wameshakata tamaa kabla daktari hajafika. Huamini kwamba mnyama wa kwato akivunjika mfupa ndiyo basi, au kwamba kitakachomponya ni upasuaji ambao hawana uwezo wa kuulipia. Kwa punda mzima hofu hiyo ina msingi. Kwa mwanapunda wa wiki au miezi michache mambo ni tofauti. Uzito wake ni mdogo, hulala sehemu kubwa ya siku, na mfupa wake bado unakua. Utando unaoufunika una damu nyingi na hujenga mfupa mpya upesi. Mvunjiko ambao kwa mnyama mzima ungechukua miezi kadhaa, kwake mara nyingi huunga ndani ya wiki nne hadi nane.

Tena anastahili kuhangaikiwa. Punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Biashara ya ngozi imewapunguza kiasi kwamba Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku kuwachinja kwa ajili hiyo. Kaya inayochotewa maji na punda haipati mwingine kirahisi.

Hata hivyo, kuuguza bila kisu hakuna maana ya kumwacha apone mwenyewe. Ni kazi ya usiku na mchana kwa wiki sita au zaidi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yako, si ya daktari. Una mambo matatu ya kulinda: mfupa utulie, maziwa yasikatike, na mguu mzima usiharibike. Ukishindwa moja, mengine mawili hayatakusaidia.

Ukiwa na mwanafarasi, mwongozo huu unakufaa pia. Tofauti kubwa ni uzito. Mwanafarasi wa mbio huzaliwa akiwa na kilo 50 hivi na huongezeka haraka, kwa hiyo baadhi ya mivunjiko anayoistahimili mwanapunda mdogo humshinda.

Kwanza, hakikisha ni mfupa

Mwanapunda akichechemea ghafla, watu husema mama yake kamkanyaga. Mara nyingine ni kweli. Lakini kwa mtoto ambaye hajatimiza mwezi, sababu inayotangulia kufikiriwa na kila daktari wa mifugo ni maambukizi ya kiungo, yaani vijidudu vilivyoingia kupitia kitovu au tumbo na kwenda kukaa kwenye kifundo. Ugonjwa huo hauponi kwa kufungiwa bandani. Unahitaji antibayotiki na kuoshwa kwa kiungo, na kila siku inayopita humwangamiza.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta magango, mguse. Pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa: likipita nyuzi 39, shuku maambukizi. Angalia kitovu kama kimevimba, kina unyevu au kinanuka. Pitisha kiganja juu ya kila kiungo cha miguu yote minne, ukilinganisha wa kulia na wa kushoto. Kiungo kilichojaa maji na chenye moto ni onyo. Mfupa uliovunjika una dalili zake: mnyama hakanyagi kabisa, mguu unapinda mahali pasipo na kiungo, au unasikia mifupa ikisagana. Usiujaribu mguu mara mbilimbili ili kusikia tena sauti hiyo. Kila unapousogeza, ncha kali za mfupa hukata nyama, mishipa na hatimaye ngozi.

Vilevile kuna mivunjiko isiyojionyesha, kama ufa mwembamba au ule ulio ndani ya kwato. Ndiyo sababu picha ya eksirei, iliyopigwa kutoka pande mbili, ndiyo inayoamua. Ikiwa picha ya kwanza haionyeshi kitu na mtoto bado anachechemea, daktari ataomba nyingine baada ya siku saba hadi 14, wakati ufa umeshaonekana vizuri.

Saa ya kwanza

Usimkimbize. Mlete mama yake karibu, mtu mmoja amshike kichwa mahali mtoto anapoweza kumwona na kumnusa. Mtoto akishatulia, mlaze ubavu mguu uliovunjika ukiwa juu. Mtu wa pili apige magoti upande wa mgongo, mkono mmoja shingoni na mwingine kwenye nyonga, mbali na mateke. Kitambaa juu ya macho husaidia.

Kama kuna jeraha, lioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi kwa kila lita, kisha ulifunike kwa kitambaa safi. Usiweke jivu, kinyesi, mafuta ya taa wala unga wa betri. Punda na farasi hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko mifugo mingine, na uchafu ndani ya jeraha ndio mlango wake. Mwambie daktari mapema kwamba kuna jeraha ili aje na kinga ya pepopunda.

Usimwite mtu wa kuchua. Mafundi wa kuunga mifupa wa vijijini wengi wana mikono mizuri ya kufunga magango, na mkono huo unaweza kukufaa sana, lakini kuchua na kuvuta mfupa mbichi bila dawa ya maumivu kunaongeza madhara. Mguu ufungwe kadiri unavyoweza kulala bila kulazimishwa.

Kufunga magango

Anza na pamba nyingi, au taulo na vipande vya blanketi. Zungushia mguu tabaka moja, kaza kwa bandeji au kanga iliyochanwa vipande virefu, kisha tabaka jingine, ukikaza kila moja kuliko lililotangulia. Pamba ni ya lazima. Fito zikikaa moja kwa moja kwenye ngozi hukata mzunguko wa damu, na mguu uliovunjika unaweza kufa kwa sababu ya kamba tu.

Juu ya pamba ndipo yanapokaa magango. Bomba la plastiki la maji lililopasuliwa katikati kwa urefu linafaa kuliko mengi, kwa kuwa ni jepesi na linakumbatia mguu. Mbao nyembamba pia zinafaa. Kwa kawaida weka mawili: moja nyuma ya mguu na moja upande wa nje, ili mguu usipinde kwenda mbele, nyuma wala pembeni.

Kanuni ya kushika ni moja: magango yatulize kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mvunjiko. Yakikomea palepale mfupa ulipovunjika, uzito wa magango hugeuka wenzo na kuuvunja zaidi. Urefu hutegemea mahali.

- Mvunjiko wa kifundo kilicho juu ya kwato au chini yake: kwa mguu wa mbele, gango moja likae mbele, kutoka ncha ya kwato hadi chini ya goti, kwato ikiwa imenyooshwa kufuata mstari wa mguu. Kwa mguu wa nyuma, gango hilo likae nyuma.
- Mvunjiko wa mfupa mrefu kati ya kifundo hicho na goti la mbele: magango yaanzie ardhini hadi kwenye kiwiko.
- Mvunjiko wa juu ya goti la mbele: gango la nje lipande hadi begani, lilale juu ya bega ili mguu usitanuke kwenda nje.
- Mvunjiko wa mguu wa nyuma kati ya paja na kifundo kikubwa cha nyuma: gango la nje lipande hadi nyongani.
- Kiwiko: funga gango moja nyuma ya mguu ili goti linyooke. Mtoto akiweza kulikaza goti, ataweza kuegemea kidogo na hofu itampungua.
- Bega, paja na nyonga: usifunge kitu. Hakuna gango linalofika huko, na uzito unaoning'inia chini huvuta mfupa.

Mwanapunda husafirishwa vizuri akiwa amelala kwenye godoro au majani mengi ndani ya pikapu, mtu akimshika, mama yake akiwa pembeni. Kama ni mkubwa na lazima asimame, mwenye mguu wa mbele uliovunjika aelekezwe nyuma ya gari, na mwenye mguu wa nyuma aelekezwe mbele. Dereva akikanyaga breki, uzito utaangukia miguu mizima.

Mivunjiko ipi huunga bila kisu

Uamuzi huu ni wa daktari akiwa na picha mkononi, lakini ni vizuri ujue anachokitazama.

Mbavu huvunjika wakati wa kuzaliwa, hasa uzazi ukiwa mgumu. Mtoto hupumua haraka, huguna akilala au akiinuka, na kifua huonekana kimebonyea upande mmoja. Wengi hupona kwa utulivu wa wiki tatu hadi nne bila kufungwa chochote. Hatari ni ncha ya ubavu kuchoma pafu au moyo. Usimbebe kwa kumpitishia mikono chini ya kifua. Mwinue mkono mmoja ukiwa mbele ya kidari na mwingine nyuma ya mapaja. Akianza kuhema kwa shida au ufizi ukabadilika kuwa mweupe, hiyo ni dharura.

Nyuma ya kifundo kilicho juu ya kwato kuna vifupa viwili vidogo ambavyo huvunjika mtoto wa chini ya miezi miwili anapokimbia kumfuata mama hadi kuchoka. Mara nyingi huhitaji kufungiwa bandani tu, bila plasta, kwa wiki nne hadi nane. Ndivyo ilivyo pia kwa pembe za mfupa ulio ndani ya kwato: wiki sita hadi nane za utulivu, kwato ikiachwa huru, kwa sababu kwato changa inatanuka na kitu kigumu kitaibana.

Mfupa mrefu ulio juu ya kifundo hicho, ambao huvunjika mama akiukanyaga, ndio hasa unaofaa plasta ngumu. Mara nyingi hukatika kwenye tabaka la ukuaji karibu na ncha ya chini, na tabaka hilo huunga upesi, pengine ndani ya wiki tatu au nne.

Nyonga huunga kwa kupumzika miezi mitatu au zaidi. Kama ni jike, usimpandishe siku za usoni bila daktari kumpima, kwa kuwa mfupa uliounga vibaya unaweza kuibana njia ya uzazi. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele, kati ya bega na kiwiko, wakati mwingine huunga kwa kupumzika ikiwa haujaachana sana. Mfupa wa paja ni mgumu zaidi, na mara nyingi ndipo njia hii hufikia kikomo.

Plasta ngumu na macho yako

Daktari akishafunga plasta ngumu, ile ambayo wengi tunaiita POP, kazi ya kuilinda ni yako. Iwe imefunika kwato yote, isipokuwa daktari ameamua vingine kwa sababu maalumu. Isilowe. Zaidi ya yote, usisahau kwamba mguu uliomo ndani unakua. Plasta ya mtu mzima hukaa wiki sita. Ya mwanapunda mchanga hubadilishwa kila baada ya siku 10 hadi 14. Ikipitisha hapo, inamkata ngozi na hata kano.

Kila asubuhi na kila jioni fanya mambo manne. Pitisha kiganja taratibu kwenye plasta yote, juu hadi chini. Palipo na joto kuliko kwingine, chini yake kuna kidonda kinachoanza. Nusa ukingo wa juu. Tazama nzi wanatua wapi, kwa sababu hupajua penye usaha kabla yako. Kisha mtazame anavyotembea hatua chache kwenda kunyonya. Mtoto aliyekuwa akikanyaga jana na leo anainua mguu anakuambia kuna kitu humo. Lolote kati ya haya likitokea, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Banda la mgonjwa

Mama na mtoto wakae pamoja katika chumba cha mita tatu kwa tatu hivi, chenye kivuli na hewa. Kikiwa kikubwa zaidi atapata nafasi ya kukimbia. Kikiwa kidogo sana mama atamkanyaga. Tandika maranda ya mbao au majani yaliyokatwa mafupi. Majani marefu huuzonga mguu wenye magango. Ondoa ndoo, kamba na mawe. Mama asifanye kazi muda wote huu, kwa sababu akitolewa, mtoto atahangaika ukutani kumtafuta, na mfupa utaachana.

Maziwa yasikatike

Mtoto mchanga hunyonya mara kadhaa kwa saa. Akishindwa kuinuka, atanyong'onyea kwa njaa kabla mfupa haujapata nafasi ya kupona. Aliyevunjika saa za kwanza za maisha lazima apate dang'a haraka iwezekanavyo, hata kwa kukamuliwa na kunyweshwa kwa chupa akiwa ameinua kifua, kwa maana kinga yake yote dhidi ya magonjwa imo humo.

Asiyeweza kuinuka mwenyewe, mwinue kila baada ya saa moja au mbili, mchana na usiku, mkono mmoja mbele ya kidari na mwingine nyuma ya mapaja. Usimvute mkia. Msimamishe penye kiwele na umwache anyonye hadi aache mwenyewe. Ukitaka kujua kama anashiba, mtazame mama. Kiwele kikilegea baada ya kunyonywa, mambo ni mema. Kikiwa kimejaa na maziwa yanachuruzika mapajani, au yamekauka usoni mwa mtoto, basi hanyonyi.

Mama naye ale vizuri, apate maji safi wakati wote. Punda anayenyonyesha akikataa chakula hata siku moja au mbili, mafuta hujaa katika damu yake na anaweza kufa. Usisubiri.

Dawa za maumivu

Fenilbutazoni na flunixini hutumika, lakini kwa mtoto huchubua tumbo na kuumiza figo, hasa akiwa na upungufu wa maji mwilini. Kipimo na muda vipangwe na daktari. Usimpe diklofenaki ya duka la dawa la binadamu. Mtoto akisaga meno, akidondosha mate au akilala chali mara kwa mara, huenda tumbo limepata vidonda. Mweleze daktari mapema.

Mguu mzima

Wafugaji wengi huutazama mguu uliofungwa tu, kumbe ulemavu unaota upande wa pili. Mtoto anayeegemea mguu mmoja kwa wiki nyingi hupinda goti la mguu huo kwenda nje, au kifundo chake hulegea na kushuka karibu na ardhi. Kila siku chuchumaa mbele yake, uso wako ukiwa usawa wa magoti yake, uangalie kama mguu mzima bado umenyooka. Piga picha kwa simu kila wiki, mahali pamoja, ili ulinganishe. Ukiona unapinda, daktari atapunguza kasoro hiyo kwa kuongeza dawa ya maumivu, kuufunga mguu mzima au kuichonga kwato. Wiki ya pili hilo linawezekana. Wiki ya sita huwa umechelewa.

Kumrudisha uwanjani

Plasta ikitolewa, mguu utaonekana mwembamba na kifundo kitalegea. Hilo ni la kawaida, na hupungua kwa bandeji nyepesi na mazoezi kidogo. Usimfungulie siku hiyo. Baada ya picha kuthibitisha kwamba mfupa umeunga, mama aongozwe kwa kamba dakika tano, mara mbili kwa siku, mtoto akimfuata kwenye ardhi tambarare. Ongeza dakika chache kila wiki. Kisha ua mdogo, na mwisho malisho. Punda wengine wabaki nje ya ua mpaka awe imara.

Pale ambapo huruma ni kumpumzisha

Ikiwa mfupa umetoka nje ya ngozi na kuingia uchafu, ikiwa mfupa wa juu umesagika vipande, au ikiwa mtoto haamki wala hanyonyi hata baada ya dawa ya maumivu, kuendelea ni kumtesa. Mwambie daktari akueleze bila kuficha, na umpumzishe kwa njia isiyo na uchungu. Aliyefikia uamuzi huo baada ya kupima kila kitu ametimiza wajibu wake kwa mnyama wake.

Mivunjiko mingi inaepukika

Mwanapunda wa siku chache anayefuata mkokoteni wa mama yake kilomita nyingi barabarani yuko katika hatari ya kila aina: uchovu, magari, mitaro na kwato za wenzake. Mpumzishe mama wiki za kwanza baada ya kuzaa. Mara ya kwanza mtoto anapotoka bandani, mtolee katika ua mdogo na mama akiwa ameshikwa kamba, ili asimlazimishe kukimbia mbio asizozimudu. Mtenge na punda dume, ambao huweza kuwashambulia watoto. Usimfunge mtoto kwa kamba mguuni. Fukia mashimo ya ua kabla mama hajazaa, na uwe na namba ya daktari wa mifugo, pamba, bandeji na bomba lililopasuliwa tayari nyumbani. Vitu hivyo havigharimu sana, na ndivyo vinavyokuwezesha kufunga magango vizuri katika saa ambayo daktari bado yuko njiani.